Rimu au diski? Breki za baiskeli inayofungwa mota Bukavu

Mtu anayetaka kugeuza baiskeli yake iwe ya umeme huanza kwa kuuliza habari za mota. Ina wati ngapi, betri yake volti ngapi, itaweza kupanda mtaa wa Kadutu au itazimikia njiani. Bukavu, mashariki ya Kongo, ni mji wa vilima vinavyoporomoka hadi Ziwa Kivu, na aliyewahi kusukuma baiskeli yenye gunia kutoka ukingoni mwa ziwa hadi soko la Kadutu hahitaji kuelezwa faida ya mota. Ila ukishapanda, lazima ushuke. Mota ikikushinda mlimani unashuka kwenye baiskeli na kuisukuma, na hasara yako ni jasho na muda. Breki zikikushinda kwenye mteremko, mbele yako kuna pikipiki, kuna akina mama wenye mabeseni kichwani, kuna watoto wanaotoka shule. Kwa mji huu mimi nasema breki zichaguliwe kwanza, mota baadaye.

Swali linaloulizwa sana ni kama mtu abaki na breki zinazobana rimu, ambayo wengi huku huiita janti, au aweke zile zinazobana sahani ya chuma iliyofungwa kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu; sahani hiyo ndiyo diski. Jibu la haraka la dukani ni kwamba diski ni bora. Si uongo, lakini jibu hilo halikuulizi una fremu gani, mota itakaa wapi, na kipuri kikiisha utakipata wapi. Ukishayajibu hayo matatu, karibu utakuwa umeshachagua.

Joto linakwenda wapi

Breki haifanyi kazi nyingine yoyote ila kugeuza mwendo kuwa joto. Tuchukue mfano wa mtu wa kilo 70, baiskeli ya kilo 18, mota na betri kilo 8, na mzigo wa kilo 24. Jumla kilo 120. Anashuka mteremko wa asilimia 10, yaani kila mita 10 za njia anapungua kimo kwa mita 1, na anataka kubaki kwenye kilomita 25 kwa saa. Uzito wake peke yake unamsukuma kwa nguvu ya wati 800 hivi. Upepo na msuguano wa matairi vinamsaidia kumeza karibu wati 200. Wati 600 zilizobaki ni za breki, na ni za kila sekunde hadi mteremko uishe. Ongeza gunia la kilo 60 nyuma na hesabu inakaribia wati 1,000, ambazo ni za pasi ya umeme. Ni kama umeegemeza pasi ya moto kwenye rimu au kwenye diski, ukaiacha hapo toka juu ya kilima hadi ziwani.

Mota inaongeza tatizo hili kwa njia mbili. Ya kwanza ni uzito, na huo unaonekana. Ya pili ni kasi, na hapo ndipo watu hujidanganya. Nguvu ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi: baiskeli iliyo kwenye kilomita 40 kwa saa ina nguvu mara mbili na nusu ya ile iliyo kwenye 25. Mtu aliyekuwa akienda kwa kilomita 15 barabara ya tambarare sasa anakwenda 30 bila kuhema, na breki zake ni zile zile za jana. Zinatakiwa kumeza mara nne ya zilichokuwa zikimeza.

Sasa, je, breki ya rimu inaweza? Inaweza, na hili lazima lisemwe wazi kwa sababu limejaa upotoshaji. Ukiitazama vizuri, rimu yenyewe ni diski kubwa sana. Mipira ya breki inaibana karibu sentimita 30 kutoka katikati ya gurudumu, pembeni kabisa, karibu na pale tairi linapogusa ardhi. Diski ya milimita 160 inabanwa sentimita 7 tu kutoka katikati, hivyo ili kusimamisha gurudumu lile lile inabidi ikamatwe kwa nguvu ya mara nne hadi tano zaidi. Ndiyo maana kalipa, yaani kibanio cha diski, ni kipande kinene na kizito, na breki ya rimu ni mikono miwili myembamba. Waendesha baiskeli wa Tour de France walishuka Alps kwa breki za rimu miaka na miaka. Shirikisho la baiskeli duniani, UCI, liliruhusu rasmi diski kwenye mashindano ya barabarani mwaka 2018 tu. Na breki za V, zile ndefu zinazosimama pande mbili za rimu ambazo kampuni ya Shimano ilizileta mwaka 1996, zikifungwa sawasawa zinaweza kuinua gurudumu la nyuma na kukurusha juu ya usukani.

Waliofuatilia mashindano ya dunia yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, ng'ambo ya pili ya mpaka wetu, waliona diski karibu kila baiskeli. Wale wana gari la ufundi nyuma yao lenye magurudumu ya akiba. Sisi swali letu ni jingine.

Maji, matope, na rimu inayoliwa

Mvua ya Bukavu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Katika miezi hiyo rimu hupita kwenye dimbwi, hupita kwenye tope jekundu, kisha inakuja moja kwa moja kwenye mipira ya breki. Ukibana, gurudumu huzunguka mara kadhaa mipira ikifuta maji kwanza, na ndipo breki inaanza kukamata. Kwenye rimu ya alumini kuchelewa huko kunavumilika ukikuzoea. Kwenye rimu ya chuma yenye kung'aa, ile ya baiskeli nyingi za zamani, ni hatari kabisa: mpira juu ya chuma kilicholowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake, na hakuna mpira wa bei yoyote utakaolimaliza tatizo hilo. Diski iko juu, karibu na katikati ya gurudumu, mbali na dimbwi. Nayo ikilowa, matundu yake na joto lake huiondolea maji upesi.

Lakini kinachonifanya niegemee diski kwa baiskeli ya umeme ni kitu kinachoonekana polepole zaidi kuliko mvua. Nenda kwa fundi yeyote wa baiskeli hapa mjini wakati wa masika umtazame akitoa mpira wa breki uliotumika. Mmoja niliyemkuta Nyawera aliushika mpira kwa vidole viwili, akachukua kipande cha spoki alichokinoa ncha, akaanza kuchokoa. Vikatoka vichembe vyeupe vinavyometa, kimoja baada ya kingine, akavipanga juu ya kitambaa. Mwenye baiskeli, mzee wa makamo, akauliza kama mpira ni mbovu.

"Hapana, papa. Mpira ungali mzuri. Hii inayong'aa ni janti yako."

Ndivyo ilivyo. Mchanga unakwama ndani ya mpira, mpira unageuka msasa, na kila ukibana unakwangua rimu. Ukuta wa rimu unapungua mwaka hadi mwaka mpaka siku moja, tairi likiwa na upepo mwingi, unapasuka kwa urefu. Weka ukingo wa rula kwenye ubavu wa rimu ya zamani: ukiona mwanga katikati, ukuta umeshaliwa na kuwa na bonde. Rimu nyingine zina mfereji mdogo au tundu la alama; alama ikifutika, rimu imekwisha. Goma hali ni kali zaidi, kwa kuwa mitaa mingi imelala juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo na vumbi lake jeusi lina makali. Waendesha baiskeli wa kule wanajua rimu inavyokwisha upesi.

Kwa baiskeli ya kawaida huo si msiba. Rimu mpya inanunuliwa, fundi anaisuka jioni moja kwa spoki zile zile. Kwa baiskeli yenye mota ndani ya habu ni habari nyingine. Habu ya mota ni pana na nono, kwa hiyo spoki zake ni fupi kuliko za kawaida, na mara nyingi ni nene pia. Spoki za kipimo hicho hazining'inii dukani Kadutu. Ukikwangua rimu ya gurudumu hilo mpaka ikaisha, unaweza kubaki na mota nzima, betri nzima, na baiskeli isiyoweza kutoka nyumbani kwa kukosa rimu yenye idadi sahihi ya matundu na mtu mwenye spoki za kuisuka. Diski nayo huliwa, lakini inafungwa kwa boliti sita na kubadilishwa bila kugusa spoki hata moja. Mpya huwa na unene wa milimita 1.8 hivi, na nyingi hutakiwa kutupwa zikifika 1.5.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza: gurudumu lililobeba mota lisiwe gurudumu unalolisaga kwa mipira ya breki, kama una njia ya kuepuka.

Joto lenyewe nalo linagawanyika tofauti. Rimu ina eneo kubwa la kupozea, lakini nyuma yake tu kuna tairi na mpira wa ndani. Kwenye mteremko mrefu na mzigo mzito, rimu inaweza kupata moto kiasi cha kuongeza upepo ndani ya tairi na kulegeza gundi ya viraka, na sote tunajua mipira ya ndani ya huku ina viraka vingapi. Diski haina tairi la kuchoma, lakini ni ndogo. Ikipata moto kupita kiasi, pedi zake, vile vipande vinavyoibana, hasa zile laini za utomvu, hupoteza mshiko na kutoa harufu ya kuungua. Diski kubwa husaidia sana hapa. Mbele nataka milimita 180 kama foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, inaruhusu, na 160 ndiyo kima cha chini. Kwa anayebeba mzigo kushuka Ngomo kuelekea Kamanyola, pale barabara inapoporomoka kutoka milimani hadi tambarare ya Ruzizi, sipendekezi breki za rimu peke yake, hata ziwe nzuri vipi. Na kwa breki ya aina yoyote, shuka kwa kubana kwa nguvu kidogo, kuachia, kubana tena, ukipishana mbele na nyuma. Kushikilia breki moja bila kuachia kunainyima nafasi ya kupoa.

Fremu uliyo nayo

Hapa ndipo mipango mingi inapokwama, kwa sababu breki haifungwi hewani. Inahitaji mahali pake.

Baiskeli nzito za mtindo wa zamani, zile nyeusi za gurudumu la inchi 28 zenye breki za vyuma badala ya waya, hazina mahali pa V wala pa diski. Breki zake huvuta mipira kuelekea tumbo la rimu ya chuma. Zimebeba ndizi na makaa kwa vizazi vingi, na kwa mwendo wa miguu zinafaa. Kwa mota ya wati 250 au 500 kwenye vilima vya Bukavu, hapana. Nimeona watu wakizifunga mota ya mbele na kuacha breki kama zilivyo, na siwezi kuliunga mkono jambo hilo kwa hali yoyote. Anayeipenda fremu hiyo abadilishe kwanza magurudumu yawe ya alumini na foki iwe na mahali pa breki ya kisasa. Akipiga hesabu, huenda akagundua kwamba fremu nyingine ya mtumba inamgharimu kidogo kuliko ukarabati huo.

Baiskeli za mlimani za mtumba zinazoingia sokoni ziko za aina mbili. Kuna zenye vijiti viwili vya kufungia V kwenye foki na karibu na kiti, bila kitu kingine. Na kuna zenye masikio ya diski chini, karibu na ekseli, upande wa kushoto. Tazama mbele na nyuma kwa sababu nyingine zina masikio mbele tu. Hiyo ya mwisho ni baiskeli nzuri kwa kazi yetu. Inakuruhusu diski mbele, ambako breki inafanya kazi kubwa, na V nyuma.

Nifafanue hilo la mbele. Unapobana breki, uzito wa mwili na mzigo unahamia gurudumu la mbele, na la nyuma linabaki jepesi. Kwenye mteremko linakuwa jepesi zaidi. Gurudumu jepesi likibanwa sana linateleza tu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kusimama inatoka mbele, na kama fedha inatosha breki moja nzuri, iwe ya mbele. Wengi wetu tumelelewa kuiogopa breki ya mbele kwamba itatupindua. Itakupindua ukiibana ghafla ukiwa umesimama juu ya pedali, uzito wote mbele. Ukikaa nyuma kwenye kiti, mikono imenyooka, ukabana kwa kuongeza polepole, ndiyo itakayokuokoa.

Sasa kuna jambo la mafundi wa kuchomelea. Mtu ana foki isiyo na masikio ya diski, anakwenda kwa fundi mwenye mashine, anachomelewa kipande cha chuma upande wa kushoto, kalipa inafungwa, kazi imekwisha. Tafadhali usifanye hivyo kwenye foki. Tuiangalie nguvu yenyewe. Baiskeli yetu ya kilo 120 ikisimama kwa nguvu ya wastani, tairi la mbele linashika ardhi kwa nguvu ya karibu kilo 48. Kwenye diski ya milimita 180 nguvu hiyo inafika kwenye kalipa ikiwa imekuzwa zaidi ya mara nne: karibu kilo 200 zinavuta boliti mbili zilizofungwa kwenye mguu mmoja wa foki, chini kabisa, pale bomba lilipo jembamba. Foki ya breki za rimu ilitengenezwa ipokee nguvu hiyo juu, karibu na kichwa, na kwa miguu yote miwili kwa pamoja. Tena joto la kuchomelea linalidhoofisha bomba jembamba pale pale linapohitaji nguvu. Juu ya hayo, kalipa iliyo nyuma ya mguu wa foki huisukuma ekseli kwenda chini, kuelekea kutoka kwenye mkato wake, kila unapobana. Foki iliyotengenezwa kwa diski imepangiwa mambo hayo tangu kiwandani. Kubadilisha foki nzima ni kazi ya saa moja. Foki iliyokatika kwenye mteremko haikupi nafasi ya pili.

Nyuma, kwenye fremu ya chuma iliyo nene, adapta ya kubana, inayobeba kalipa bila kuchomelewa, inawezekana kwa fundi makini. Hata hivyo nyuma V inatosha mara nyingi, kwa hiyo sioni sababu ya kuhangaika.

Mota iko wapi

Mota ya kwenye habu ya mbele ndiyo rahisi kufunga na ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Gurudumu moja linavuta na linabeba breki kubwa. Mota ikisukuma, ekseli inataka kujizungusha ndani ya mkato wa foki. Ikifaulu, inaupanua mkato, inakata nyaya zake, na gurudumu linatoka. Kipande cha chuma cha kuizuia ekseli isizunguke kinahitajika hata kwenye mota ndogo, na foki ya alumini isitumike kabisa.

Mota ya nyuma inatulia zaidi. Breki ya mbele inabaki kwenye gurudumu la kawaida, na hiyo inakupa uhuru: diski mbele kama foki inayo mahali, au V mbele juu ya rimu ya alumini ambayo fundi yeyote atakubadilishia ikiisha. Mota nyingi za nyuma zina matundu sita ya kufungia diski, kwenye duara la milimita 44 ambalo ndilo la kawaida. Kabla ya kulipa, shika kalipa yako na uipime: tumbo la mota ni pana, na kalipa nene inaweza kuligusa. Washa, ile pete nyembamba ya chuma, ikiwekwa chini ya diski huisogeza kidogo, lakini si kwa miujiza.

Mota ya katikati, inayofungwa penye pedali, haigusi magurudumu yoyote. Ni ghali na inakula cheni upesi, lakini kwa breki ni rafiki mkubwa. Magurudumu yote mawili yanabaki ya kawaida, spoki zake za kawaida, rimu zake za kawaida. Mwenye mota ya katikati na fremu nzuri ya V anaweza kubaki na breki za rimu pande zote mbili bila mimi kumlaumu, mradi habebi mizigo mizito na ana nidhamu ya kukagua ubavu wa rimu.

Ipo pia breki ya mota yenyewe, ile inayorudisha umeme kwenye betri. Wauzaji huisifu sana. Inapatikana kwenye mota nzito zisizo na gia ndani, pamoja na kontrola (kisanduku kinachoongoza mota) inayoikubali. Zile ndogo zenye gia kwa kawaida zina kufuli ya njia moja na haziwezi kurudisha chochote. Ikiwepo, inapunguza sana kazi ya pedi kwenye mteremko, na kwa sababu hiyo naipenda kuliko kwa umeme kidogo unaorudi. Lakini kwa Bukavu ina mtego. Anayeishi sehemu za juu za Kadutu anachaji betri usiku kucha, asubuhi inatoka imejaa: volti 54.6 kwa betri ya 48, volti 42 kwa ile ya 36. Kisha jambo lake la kwanza ni kushuka. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme zaidi, kinga yake inakata, na breki ya mota inatoweka katikati ya mteremko bila onyo. Anayeitumia achaji nusu usiku, aache nafasi. Na isihesabiwe kamwe kama mojawapo ya breki mbili za baiskeli. Pia, kwa kuwa inaivuta ekseli upande wa pili, nati hulegea mapema. Kaza kila wiki.

Waya au mafuta

Ukichagua diski, linabaki swali la jinsi ya kuivuta. Breki za mafuta ni laini, zinajirekebisha zenyewe pedi zikipungua, na zinakamata kwa kidole kimoja. Kwa Bukavu mimi nachagua waya. Waya na ganda lake vinapatikana kila kona, na fundi wa pikipiki anaweza kukuokoa njiani kwa waya alionao. Breki ya mafuta ikipasua bomba Nyangezi, imekwisha hadi urudi mjini. Tena mafuta yenyewe ni ya aina mbili zisizochanganyika: kampuni nyingine, kama Shimano na Magura, hutumia mafuta ya madini, nyingine hutumia ya DOT, yale ya magari. Maduka ya vipuri vya magari yana DOT. Ukiitia kwenye breki ya mafuta ya madini, mipira ya kuziba mafuta iliyo ndani ya breki inavimba na kuharibika.

Diski ya waya ina kazi yake. Nyingi husogeza pedi moja tu, nyingine imetulia, hivyo pedi zikipungua lazima uisogeze ile iliyotulia kwa mkono. Asiyejua hilo huendelea kukaza waya hadi wenzo, ule mkono wa breki unaobanwa kwa vidole, unafika kwenye mpini na breki haikamati.

Wenzo nao. Mota nyingi huja na wenzo za breki zenye swichi ndani: ukibana, mota inakatwa hapo hapo. Usiziache kwenye boksi. Bila swichi hiyo, mota inaweza kuendelea kusukuma kwa nusu sekunde au zaidi wakati wewe unataka kusimama, na ukiwa na mpini wa kuongeza kasi unaweza kuubana pamoja na breki kwa hofu. Hakikisha lakini kwamba wenzo unavuta waya urefu unaofaa. Breki za V na diski nyingi za waya za baiskeli za mlimani zinahitaji mvuto mrefu. Breki za zamani za baiskeli za mbio zinahitaji mvuto mfupi. Zikichanganywa, ama wenzo ni mgumu kama jiwe na breki haisimamishi, ama unagonga mpini. Na kama una breki za mafuta, ipo swichi ya sumaku ya kubandika juu ya wenzo.

Nikiulizwa barabarani na mtu mwenye haraka, namwambia: mota nyuma, foki yenye masikio ya diski, diski ya waya ya milimita 180 mbele. Nyuma weka diski kama fremu inayo mahali, ili rimu ya mota isikwanguliwe. Kama haina, V yenye mipira laini inayosafishwa kila wiki wakati wa mvua, na itumike kama msaidizi wa ile ya mbele. Kwa anayezunguka upande wa tambarare wa Kamanyola, au Lubumbashi ambako miinuko ni midogo, V nzuri mbele na nyuma juu ya rimu za alumini itamtosha, na fedha iliyobaki aiweke kwenye betri.

Diski mpya haikamati siku ya kwanza, na wengi huirudisha dukani wakidhani wameuziwa mbovu. Pedi na diski lazima zizoeane. Kwanza nyoosha kalipa: legeza boliti zake mbili, bana wenzo kwa nguvu ili kalipa ijiweke katikati yenyewe, kaza boliti ukiwa bado umebana. Zungusha gurudumu, lisikwaruze. Kisha nenda mahali tambarare pasipo na watu, fika kilomita 20 kwa saa, bana taratibu hadi ukaribie kusimama, achia kabla gurudumu halijasimama kabisa. Rudia mara ishirini hivi kwa kila breki. Utaisikia ikibadilika mkononi, mshiko ukiongezeka. Katika muda huo wote, na baada yake, usiruhusu mafuta ya cheni wala kidole chenye grisi kuigusa diski. Pedi iliyonyonya mafuta haisafishiki, inabadilishwa. Diski yenyewe inafutwa kwa kitambaa safi chenye spiriti, na kwa baiskeli inayoshuka Kadutu kila asubuhi ningeifuta kila wiki.